Golikipa wa majuu na chupa elfu moja

Mimi mwenzenu bado napumua, ingawa baridi ya huku Stuttgart inataka kunitoa roho. Yale mapishi ya kisamvu niliyowaahidi wiki iliyopita naomba tuyaweke kiporo kwanza. Kuna kijana mmoja wa Magomeni ameniletea ujumbe mfupi lakini mkali kama pilipili kichaa: "Anti, kila wiki tunakusoma, sasa tuambie ukweli. Huko Ujerumani unafanya kazi gani hasa?"

Haya kijana wangu, umeuliza, utajibiwa. Mimi ni golikipa.

Watoto wa mjini mmeshanielewa. Kwa wale waliochelewa daladala, golikipa ni mke asiye na kazi ya mshahara, yule anayebaki kulinda lango wakati mwenzake yuko mbele anatafuta magoli. Mtoto akiharisha, golikipa yupo. Fundi bomba akija, golikipa yupo. Mwisho wa mwezi golikipa anasimama langoni kwake anasubiri mpira urudishwe nyuma. Ukirudishwa, haya. Usiporudishwa, atafanyaje? Anahesabu matundu ya nyavu.

Lakini jamani, sikuzaliwa golikipa. Dar es Salaam mimi nilikuwa na meza yangu ya vitenge na khanga pale Kariakoo, Mtaa wa Congo. Nilikuwa nadamka saa kumi na moja alfajiri, nagombea daladala ya kutoka Sinza na mzigo kichwani, na jioni narudi na changu kimefungwa kwenye pindo. Siku nyingine ni elfu tatu, siku nyingine Mungu kaamka na mimi. Si nyingi, lakini hakuna aliyeniuliza ya nini.

Baba watoto alikuwa ametangulia huku, ni fundi wa mitambo kiwandani. Makaratasi yalipokamilika akasema njooni. Kumfuata mume Ujerumani nako si kupanda ndege tu. Wengi wetu tunatakiwa tuwe na cheti cha Kijerumani cha hatua ya kwanza, wanakiita A1, ndipo upewe viza. Nikakisotea Dar. Kijerumani bwana, hata vyombo vya jikoni vina jinsia! Kijiko mwanamume, uma mwanamke, kisu si huyu wala si yule. Nikamwuliza mwalimu, na sufuria je? Akasema mwanamume. Nikajua hapo kazi ipo: sufuria mwanamume, anayeisugua mwanamke.

Basi nikafika. Nyumba tuliyopanga, mtanisamehe, nilipoiona nilidhani tumeibiwa. Jikoni patupu! Hakuna sinki, hakuna kabati, mabomba tu yametokeza ukutani, na darini nyaya zinaning'inia bila taa. Kumbe huku wapangaji wengi wakihama wanahama na jiko lao lote, na balbu zao juu. Wiki mbili nilikuwa naoshea vyombo bafuni.

Wiki ya tatu nakuta kibao kidogo kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wetu. Kizuri, kimechorwa ufagio, kimeandikwa Kehrwoche. Nikajua ni zawadi ya majirani kumkaribisha mgeni. Nikakipeleka sebuleni, nikakitundika kando ya picha ya harusi.

Jumamosi mlango ukagongwa. Kufungua, bibi mmoja wa ghorofa ya pili, nywele nyeupe, miwani puani, ufagio mkononi. Hakusalimia sana. Akanisogezea ufagio, akaonyesha ngazi. Kuanzia siku hiyo mimi nikambatiza jina, Bibi Ufagio, na nashukuru Mungu hasomi Kiswahili.

Ile Kehrwoche maana yake ni wiki ya kufagia. Watu wa huku, Schwaben wanaitwa, kwa usafi ni kiboko. Kibao kinazunguka mlango kwa mlango, na wiki kikiwa kwako wewe ndiye mwenye zamu. Kuna zamu ndogo, ngazi na korido ya ghorofa yako. Kuna zamu kubwa, mlango wa chini, stoo, na njia ya miguu barabarani, na theluji ikianguka hapo ni yako, uikwangue kabla watu hawajateleza. Si mambo ya jana wala juzi. Sheria ya mji wa Stuttgart ya mwaka 1492, mwaka uleule Columbus aliovuka bahari, tayari ilikuwa inawaamuru wakazi watoe uchafu wao mjini. Sasa mimi na Sinza yangu nibishane na watu walioanza kufagia mwaka 1492?

Kisa cha pili na huyohuyo Bibi Ufagio ni cha kinu. Nilikuja na kinu changu kidogo ndani ya begi, pale uwanja wa ndege walikigeuzageuza kama bomu. Jumapili moja nikapata hamu ya kisamvu cha karanga. Majani nilishayapata duka la Waafrika, yametwangwa na kugandishwa. Karanga nikaanza kutwanga mwenyewe. Twa! Twa! Twa! Raha mustarehe, naimba na taarabu yangu.

Mlango huo.

Wasomaji, Jumapili huku ni siku ya kimya, na kimya chenyewe kina sheria. Maduka karibu yote yamefungwa, usije ukaishiwa chumvi. Hutoboi ukuta, hukati nyasi kwa mashine, hata kwenda kutupa chupa za mvinyo kwenye pipa la vioo unaambiwa ngoja Jumatatu. Mimi nimo na kinu! Bibi akaonyesha saa, akaonyesha sikio, akaonyesha sakafu. Kijerumani changu cha A1 kikaruka dirishani. Nikafanya nilichofundishwa na mama: nikasema karibu bibi, nikampakulia sahani.

Alikwenda nayo akiwa ameishika mbali na mwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyejikojolea. Nikajua nitaikuta kwenye pipa. Jumatatu sahani ikarudi, imeoshwa, na juu yake kipande cha keki ya tufaha. Nikajisemea, lo, kumbe na huku kuna watu ambao kwao sahani hairudi tupu.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Sasa yasiyochekesha.

Fedha yote ya nyumba yetu ilikuwa kwenye kadi moja, kadi ilikuwa kwenye pochi moja, na pochi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mtu mmoja. Msinielewe vibaya. Baba watoto si mlevi, hapigi, harudi usiku wa manane. Nikiomba ananipa. Tatizo ni hilo neno kuomba. Naomba ya mkate. Naomba ya dawa ya mtoto. Jamani, naomba ya pedi! Mimi niliyekuwa nalipa kodi ya meza Kariakoo! Nikirudi dukani naweka risiti mezani, hakuna aliyeniambia niweke, mkono ulikuwa unaiweka wenyewe. Na yeye hakuniambia niache.

Huko nyumbani wanajua nini? Wanajua dada yuko majuu. Kosa ni langu pia, nakiri. Picha ya kwanza niliyorusha nimeegemea Mercedes, nimeinua kidevu. Gari lenyewe la jirani. Kwa picha ile Sinza nzima ikanipandisha daraja.

Ndipo mwezi wa pili mwaka 2025 mdogo wangu wa kiume akanitumia sauti kwenye WhatsApp. Mama jicho la kulia haoni tena, ni mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata. Hospitali wamesema linatolewa, si operesheni ngumu. "Dada, wanataka laki saba tu na nauli zake. Kwako wewe hiyo si hela ya chai?"

Laki saba ilikuwa kama euro 250 hivi. Nikamwambia nitatuma wiki ijayo. Nikamwomba baba watoto. Mwezi ule bwana mwenye nyumba alikuwa ametuletea bili ya nyongeza ya joto la msimu mzima, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumtumia baba yake mzazi kule Moro. "Mwezi ujao," akasema. Mwezi ujao ukaja na gari likaharibika. Mimi na wiki ijayo yangu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mdogo wangu akaacha kupiga. Nikasikia kwa shangazi kwamba ameshasema huko, dada kalewa majuu. Mama hakuacha kupiga, ila hela ile hakuitaja tena hata siku moja. Tunaongea mvua, tunaongea bei ya mchele, ananiuliza wajukuu. Hapo ndipo paliponikata.

Sasa sikilizeni habari ya chupa. Nyie mnajua soda kwa mangi, ukitaka kuondoka na chupa unaacha hela ya chupa. Huku ni hivyohivyo ila kwa karibu kila kitu. Dhamana ya kopo na chupa za plastiki za kutumia mara moja ilianza mwaka 2003, na sasa ni senti 25 kila moja. Chupa ya bia ya kioo ni senti 8. Unarudisha dukani, kuna mashine ina tundu kama mdomo, unailisha chupa moja moja, inazizungusha, inazisoma, inameza, mwisho inakutolea karatasi unapeleka kwa keshia. Ukiileta imebondwa mashine inaitema, kwa dharau kabisa.

Siku moja nimesimama mbele ya ile mashine na vichupa vyetu sita vya maji, hesabu ikanijia yenyewe, hesabu ya Kariakoo. Chupa nne euro moja. Chupa elfu moja euro 250. Nikaona, kumbe jicho la mama ni chupa elfu moja.

Nilianza na vichochoro. Asubuhi nikishampeleka mkubwa shule, namsukuma mdogo kwenye kigari chake, macho chini kama niliyepoteza pete. Wazungu wengine wana utu wao. Hawaitupi chupa ndani ya pipa, wanaisimamisha chini pembeni, ili muokotaji asitumbukize mkono kwenye uchafu. Senti 25, senti 25, senti 8.

Kisha nikagundua mgodi. Uwanja wa VfB Stuttgart, kule Bad Cannstatt. Siku ya mechi ni kama Simba na Yanga kwa Mkapa, watu wanashuka kwenye treni wanaimba, bia mkononi. Ndani hawaruhusiwi kuingia na chupa. Kwa hiyo wanafanyaje? Wanaziacha nje! Na msimu ule timu yao ilikuwa moto, mwezi wa tano ikaja kubeba Kombe la Ujerumani. Waliokuwa wanashangilia ni wengi, lakini sidhani kama kuna aliyewaombea mema kuliko mimi.

Siku ya kwanza nilikwenda na begi letu lile la shangazi kaja. Nyumbani nimeaga nakwenda kutembea, nimewaacha watoto na baba yao, naye akasifu, mazoezi mazuri mama watoto. Nikafika, nikashangaa. Sikuwa peke yangu. Walikuwapo wazee wa Kijerumani, wastaafu, mmoja na tochi ya kumulikia mapipa, mmoja na toroli. Mzee mmoja akanifukuza kabisa kwenye kona yake, kama vile machinga anavyokufukuza kwenye nguzo yake ya umeme. Miaka yote nilidhani mzungu akizeeka analelewa na serikali na mbwa wake. Nikahamia karibu na kituo cha treni. Nilirudi na chupa 46 za plastiki. Euro 11 na senti 50.

Mwanamke mwenzangu anayesoma hapa, sijui nikuelezeje. Nilizikunja zile noti nikazifunga kwenye pindo la khanga, na nilikuwa sijafunga kitu kwenye pindo tangu nitoke Tanzania.

Wiki tano nikawa na euro 96. Chupa za plastiki 384, za bia sikuzihesabu, hizo zilikuwa nauli na biskuti za mtoto. Zote niliziweka ndani ya kopo la unga wa sembe, juu kabatini, mahali ambapo mwanaume hawezi kufika hata nyumba ikiungua.

Na siku zote hizo kila Ijumaa nilikuwa nakuta mfuko wa chupa tupu pembeni ya ngazi zetu. Nikawa nasema wapangaji gani wavivu namna hii, nazoa.

Basi siku ya arobaini si ilifika. Kuna dada mmoja Mtanzania mwenzetu, sitamtaja, anajijua. Alikuwa ndani ya treni, akaniona nimeinama kwenye pipa la kituoni. Angeshuka akanisalimia! La, akanipiga picha kwa nyuma. Uso hauonekani, lakini kitenge nilichojifunga kilikuwa cha mezani kwangu mwenyewe, na Kariakoo nzima inakijua. Akaitupia kwenye kundi la Watanzania wa huku: "Mnamwona mama wa Mercedes?" Haikuchukua saa mbili, imeshafika Sinza. Ningekuwa natuma hela kwa kasi ile, mama angekuwa ameshapona.

Jioni baba watoto akaingia. Viatu hakuvua. Akaweka simu mezani, picha juu.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Umenivua nguo, mama watoto. Watu watasema siwezi kulisha mke."

"Kulisha unalisha. Sijamwambia mtu nina njaa."

"Si ungeniomba?"

"Nimekuomba tangu mwezi wa pili."

Akafungua mdomo, akaufunga. Usiku ule alilala sebuleni, na mimi sikwenda kumpelekea mto. Nisiwadanganye kuwa nilikuwa jasiri. Nililia mpaka khanga ikalowa, nikamlaani yule dada, nikalaani na Mercedes.

Kesho yake darasani. Wahamiaji wengi huku tunapitia kozi ya serikali, saa 600 za lugha na saa 100 za mambo ya nchi: historia, sheria, haki za mtu. Siku hiyo tulikuwa kwenye ndoa. Mwalimu, mwanamama mmoja mpole, akaandika ubaoni neno refu kama treni la mizigo: Taschengeldanspruch. Akalivunjavunja. Maana yake ni haki ya kudai hela ya mfukoni.

Si ya watoto! Ya mke. Au ya mume, kama yeye ndiye golikipa. Sheria ya Ujerumani inasema anayeendesha nyumba naye anatunza familia sawasawa na anayeleta mshahara. Na kama kipato kinatosha, yule asiye na chake ana haki ya fungu la kutumia apendavyo, bila risiti, na mahakama zimezoea kulikadiria kwa asilimia 5 hadi 7 ya mshahara unaobaki baada ya makato. Darasa zima likalipuka. Mama mmoja wa Syria akamwomba mwalimu arudie polepole. Wa Uturuki akapiga picha ubao. Mimi nikapiga hesabu kiganjani kwa kalamu: mtu anayepeleka nyumbani euro 2,400, asilimia 5 ni 120, asilimia 7 ni 168.

Nikatoka na kiganja changu. Njiani nikakutana na Bibi Ufagio kwenye ngazi, nikamwonyesha, kwa sababu nilitaka kumwonyesha mtu. Akasoma, akacheka kicheko kikavu. Akaniambia polepole ili nielewe: yeye aliolewa kabla ya mwaka 1977. Mpaka mwaka huo sheria ya Ujerumani Magharibi ilikuwa inamruhusu mke kwenda kazini ikiwa tu kazi hiyo haigongani na majukumu yake ya ndoa na nyumba. Ujerumani hii hii, wasomaji, yenye magari na mashine za kumeza chupa! Halafu akaongeza, bila kunitazama, kwamba wiki hii mfuko wake wa chupa utakuwa mdogo, alikuwa hospitali kwa ajili ya nyonga.

Nilishika ukuta. Kumbe ile mifuko ya Ijumaa!

Nyumbani nikamwekea baba watoto kiganja mbele ya sahani.

"Sheria ya nani hiyo?" akauliza.

"Ya hapa unapolipa kodi."

"Sisi ni Watanzania."

"Sawa, twende kwetu." Nikamkumbusha kwamba Mahakama yetu ya Rufaa, Jaji Mkuu akiwa Nyalali, ilishaamua mwaka 1983 kuwa kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mimi nilipata kulisikia hilo Kariakoo, kwa mama mmoja muuza khanga aliyekuwa anadai talaka yake. Wanaume mkituona tumekaa kwenye mizigo mnadhani tunasengenya tu.

Hakujibu. Alikula ugali wake wote, na hiyo niliihesabu.

Jumapili, kimya cha sheria, simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, nimeonyeshwa picha. Jicho langu lenyewe ni hili moja, na hili nalo linaona ukungu, lakini kitenge nimekijua. Ni wewe?"

"Ni mimi mama."

"Unaokota ya nini?"

Nilitaka kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, nilishautengeneza usiku. Ukakwama. "Ya jicho lako, mama."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikasikia anavuta kamasi.

"Baba yako, Mungu amrehemu, amekufa hajui kwamba ada yako ilitoka kwenye maandazi," akasema. "Nilikuwa nawapa watoto wa jirani wauze. Yeye alijua ni mshahara wake. Sikumwambia, ningemvunja." Akatulia. "Ziko ngapi?"

"Ngapi nini mama?"

"Hizo chupa."

"Mia tatu themanini na nne."

"Mh! Bado nyingi," akasema, na akaanza kucheka, na mimi nikacheka, nikasahau kuwa ni Jumapili.

Nilipogeuka baba watoto alikuwa koridoni. Alisikia kiasi gani sijui, sikumwuliza. Hakuomba radhi, wanaume wetu mnawajua. Lakini Jumanne alirudi mapema, akasema vaa, twende benki. Nikafungua akaunti, kadi ina jina langu mwenyewe limechomoza kwa herufi unaweza kuzipapasa. Tukakubaliana kila mwezi inaingia euro 100. Mwalimu wangu angesema ni 120, ila hizo ishirini nimemwachia aone nilivyo na huruma.

Ukichanganya 96 na 100, zilibaki euro 54. Nikasema hizi nazimalizia mwenyewe. Chupa 216. Safari hii sikuaga kwamba nakwenda kutembea. Baba watoto alinipeleka mpaka uwanjani na gari lake, kisha akaegesha mbali, kofia imeshushwa hadi puani, anasubiri. Shangazi kaja ilipojaa aliniona navuta, akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaibeba.

Mama alitolewa mtoto wa jicho mwezi wa sita. Siku ya pili bandeji ikafunguliwa, mdogo wangu akapiga simu ya video. Huyo mdogo wangu aibu ilikuwa imemjaa, anashika simu kama trei la mayai. Mama akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akakunja uso, akaukunjua. Mimi machozi yananitoka, nasubiri aseme jambo kubwa.

"We mtoto, mbona umekonda hivyo? Huko majuu hamli?"

Yule wa Magomeni ataniuliza, na sasa je? Sasa Bibi Ufagio nyonga yake haimruhusu tena ngazi, kwa hiyo zamu zake nazifanya mimi kwa malipo, pamoja na za wazee wengine wawili wa jengo la pili. Ni ile kazi ndogo ya kuandikishwa, ambayo mwaka 2025 mwisho wake ulikuwa euro 556 kwa mwezi. Mimi hata nusu sifiki, lakini inaingia kwenye kadi yenye herufi za kupapasa. Chupa nazo sijaziacha kabisa. Nikiiona imesimama peke yake pembeni ya pipa, mkono unakwenda wenyewe.

Niishie hapa wapenzi, maana theluji imeanza kuanguka na kibao kiko mlangoni kwangu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutapika kile kisamvu. Karanga nitazitwanga Jumamosi.